Kikombe cha Jumapili kinavyoozesha ua la ndani huku Nyanda za Juu

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya mjini. Mwezi wa pili nilikwenda Dar es Salaam kwenye msiba, nikarudi na ua la ndani, ile sinekiplanti fupi ambayo majani yake yamejipanga mviringo kama kiota cha ndege, kingo zake za njano. Muuzaji alinielekeza nilimwagilie kikombe kimoja cha chai kila Jumapili, na nimefuata hivyo hivyo, namimina juu katikati. Nimelipanda kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu, chini nimetandika kokoto ili maji yasituame, udongo nimechota bustanini. Mpaka mwezi wa tano lilikuwa zuri sana. Tangu katikati ya Juni majani ya chini yamelegea. Nikadhani ni kiu, maana hewa ya huku sasa ni kavu mpaka midomo inapasuka, nikaongeza vikawa vikombe viwili. Sasa yamekuwa kama yamechemshwa. Juzi nililigusa jani moja tu likabaki mkononi, na lina harufu mbaya. Jirani anasema nipake mafuta ya nazi. Usiku tunaingiza jiko la mkaa sebuleni, na kwa kuwa nimesikia ua hili linasafisha hewa, nimeliweka dirishani, karibu na jiko. Nina mtoto wa miezi kumi na moja, anatambaa na kuokota kila kitu. Je, ua linaweza kupona? Nimetuma picha mbili."

Marahaba mwalimu, na poleni kwa msiba. Umeeleza vizuri mno. Wengi hunitumia picha ya jani moja na neno moja, "Tatizo?", basi. Wewe umenipa mwezi, chungu, udongo, kipimo cha maji na mahali, na jibu karibu lote limo ndani ya swali lako mwenyewe.

Lakini kabla sijaligusa ua, niruhusu nianze na jiko. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi wa kuni, ndiyo maana watu hulala nayo bila wasiwasi. Ikiingia mapafuni hukamata damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na haiachii kirahisi. Mtu huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu au malaria, akajilaza, asiamke. Hakuna ua linaloweza kuondoa gesi hiyo sebuleni kwako, hata ungepanga ishirini kuzunguka jiko. Oteni moto nje au penye upenyo wa kutosha, jiko libaki huko huko, ndani mwingie na mablanketi. Na ikitokea usiku mtu mmoja wenu anaumwa kichwa na mwingine anatapika huku jiko liko ndani, tokeni nje wote mara moja, mtoto kwanza, kisha mwende hospitali usiku huo huo. Msingoje kuche.

Hayo ya kusafisha hewa yalianzia wapi? Mwaka 1989 watafiti wa NASA wakiongozwa na Wolverton walichapisha matokeo ya kuweka mimea, sinekiplanti ikiwemo, ndani ya masanduku yaliyozibwa, wakapuliza humo gesi kama benzini na formaldehaidi, wakapima zinavyopungua. Zilipungua kweli. Ila sebule si sanduku lililozibwa. Mwaka 2019 Wamarekani wawili, Cummings na Waring, walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo na kupiga hesabu: ili mimea ifanye kazi sawa na upenyo wa kawaida wa hewa katika jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Mita moja ya mraba ni kama meza yako ya kusahihishia madaftari. Dirisha lililoachwa wazi kiganja kimoja linaishinda bustani nzima. Panda ua kwa sababu linapendeza. Hiyo sababu inatosha.

Sasa tuje kwenye ua. Jina lake la kitaalamu lilikuwa Sansevieria kwa miaka mingi, siku hizi wanabotania wameliingiza kwenye ukoo wa Dracaena. Asili yake ni Afrika Magharibi, kuanzia Nigeria hadi Kongo, kwenye joto. Hili fupi lenye umbo la kiota lilijitokeza lenyewe mwaka 1939 kwenye kitalu kimoja cha New Orleans, Marekani: kati ya mimea mirefu ikachipua moja fupi, wakaizalisha kutoka hapo. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo siwezi kupita bila kusema kwamba hapa kwetu lina ndugu zake wa porini. Kabla Mjerumani Hindorf hajaleta katani kutoka Florida mwaka 1893, watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa asili wa kusokotea kamba, na mkonge huo ni wa ukoo huu huu wa ua lako. Hata kwenye vichaka vikavu vya bonde la Ruaha, chini huko kwenye joto, utawakuta ndugu zake. Angalia mahali wanapoota: penye jua, penye udongo unaokauka upesi, na ambapo hawakutani na usiku wa Julai wa Mbeya.

Muuzaji wa Dar hakukudanganya. Kule mwezi wa pili joto la mchana linapita nyuzi 30, usiku nao ni wa jasho, na kikombe cha maji ndani ya chungu kidogo kinakauka kwa siku chache. Ushauri wake ulikuwa wa Dar, wewe ukaupandisha basi pamoja na ua mpaka mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Machi na Aprili haukuleta madhara kwa kuwa Mbeya bado ilikuwa na uvuguvugu. Mei jua likaanza kupoa. Juni usiku ukashuka chini ya nyuzi 10, na kikombe kikaendelea kuja kila Jumapili.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo nitaeleza kama darasani. Mimea mingi hufungua stomata, vile vitundu vidogo vya jani, mchana, ikavuta kaboni dayoksaidi huku ikipoteza maji mengi kwa mvuke. Baadhi ya mimea ya jangwani na mingi yenye majani manene kama hili hufanya kinyume: mchana inafunga milango, usiku inafungua. Kaboni dayoksaidi iliyoingia usiku inahifadhiwa ndani ya jani kama asidi, na mchana jua likiwaka, milango ikiwa imefungwa, ile asidi inavunjwa na usanisinuru unaendelea kwa akiba ya ndani. Jani la alfajiri lina uchachu kuliko jani la jioni (usilionje, nitarudi kwenye hilo). Kwa mpango huo mmea unatumia maji kidogo sana, ndiyo maana unavumilia kiu miezi miwili. Hapo pia uone kosa la wanaosema ua hili linatoa oksijeni usiku. Oksijeni hutoka maji yanapopasuliwa na nguvu ya mwanga. Usiku linavuta kaboni dayoksaidi tu, tena kwa kiasi kidogo.

Sasa lete baridi. Mmea wa joto ukifika nyuzi 10 au chini ya hapo, kazi zote zinazubaa. Hauoti jani jipya, hautumii akiba, mizizi haivuti. Udongo nao haukauki, maana hakuna joto la kuupiga na chungu chako hakina mahali pa kutolea maji. Kikombe cha Jumapili hii kinamkuta mwenzake wa Jumapili iliyopita bado yuko pale pale. Kwenye udongo uliojaa maji nafasi za hewa zinazibwa, na mzizi ni kiumbe kinachopumua. Ukikosa oksijeni unakufa ncha kwanza. Vimelea vya ukungu na bakteria, ambavyo vipo kwenye kila udongo wa bustani, vinaingilia kwenye ncha zilizokufa na kupanda juu. Ile harufu uliyoisikia ni kazi ya bakteria wa uozo laini.

Na hapa ndipo palipokuchanganya, kama panavyowachanganya wengi. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu. Kwa kweli una kiu, ila una kiu ndani ya maji. Ukaongeza kikombe cha pili. Halafu midomo inapasuka, ngozi inachubuka, upepo wa Juni mkavu, ukaona kila kitu nyumbani kinataka maji. Ngozi yako inapoteza maji kwenye hewa hiyo. Jani lile limefunika uso wake kwa nta na kufunga milango mchana kutwa. Ukavu wa hewa ya Mbeya hauliumizi. Linaloumia kwa ukavu huo ni kabichi lako la bustanini.

Jani lenye kiu ya kweli lina dalili zake: linajikunja kwa urefu, linakuwa jembamba, lina mikunjo midogo, lakini ukilibana bado ni gumu na limeshika shina. Jani lililooza huanza kulainika chini kwenye shina, linang'aa kama limepikwa, na likiguswa linakuachia. Kuna dalili ya tatu naiona kwenye picha yako ya kwanza, upande ulio karibu na kioo: mabaka ya kijivu yaliyozama kidogo katikati ya jani, makavu, hayanuki. Hayo ni majeraha ya baridi yenyewe. Kioo cha dirisha usiku wa Julai kinapoa karibu sawa na nje, na pazia likivutwa ua linabaki limefungiwa upande wa kioo kama mtu aliyelazwa barazani. Mabaka hayo hayaponi, lakini pia hayaambukizi. Yaache.

Nisikufanye ujione umekosa peke yako. Mwaka wangu wa kwanza Iringa, nimetoka Tanga na ujuzi wangu wa joto, niliua mimea kumi na miwili ya aina hii kwa mwezi mmoja, nikiwa nimesomea kazi hii. Nilikuwa naimwagilia asubuhi na mapema kwa maji ya bomba yanayokata vidole.

Turudi kwenye kokoto zako. Karibu kila mtu anaamini kokoto chini ya chungu huondoa maji. Fanya jaribio hili jikoni leo. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ijae, ilaze bapa kiganjani na usubiri iache kudondosha. Imeacha? Sasa isimamishe kwa ncha bila kuibana. Itadondosha tena, tena mengi. Maji hayakuongezeka, kilichobadilika ni kimo. Kitu chenye vinyweleo hushikilia maji kwenye sentimita zake za chini mpaka uzito wa maji yaliyo juu uyasukume yatoke, na udongo wa chungu ni sponji ile ile. Ukiweka kokoto chini, maji hayarukii kwenye kokoto. Yanasimama kwenye udongo uliokaa juu ya kokoto, na wewe umefupisha sponji. Tabaka lililolowa limesogea karibu zaidi na mizizi. Na kwa kuwa chungu hakina tundu, yale yaliyozidi yakashuka na kukaa chini kama kisima, usiyaone.

Udongo wa bustanini nao ni shida, ingawa nikisema hivyo watu wa Mbeya huniangalia vibaya. Najua ni udongo mzuri, mweusi, wa volkano, unaostawisha viazi vya Uporoto na kahawa. Uzuri wake ndiyo hiyo kushika maji. Kiazi kinataka hivyo. Ua hili halitaki.

Lakini volkano hiyo hiyo imekuwekea dawa karibu. Kama miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka na kumwaga pamisi, yale mawe mepesi ya kijivu yenye vitundu vingi, ukiyatia kwenye ndoo ya maji yanaelea. Ukipanda kwenda Tukuyu, pale maeneo ya Isongole ambapo kingo za barabara zimechongwa, utaona matabaka yake yamelala kama keki. Wenzetu wa nchi nyingine wanayanunua kwa vifuko vidogo kwa bei ya kuumiza, sisi tunayakanyaga. Omba mtu akuletee nusu ndoo. Chekecha upate yenye ukubwa wa punje za mahindi, osha vumbi, anika. Changanya mafungu mawili ya pamisi hiyo, fungu moja la udongo wa bustani, na nusu fungu la chenga za mkaa zisizo na vumbi. Ukikamata mchanganyiko huo mkononi ukiwa na unyevu na kuufumba, ukifumbua unapaswa kuachana wenyewe. Ukibaki donge, ongeza pamisi. Pamisi ikikosekana tumia mchanga wa mtoni ule mnene, si wa kupigia lipu.

Chungu: kile cha kauri kipendezeshe sebule kwa kazi nyingine, au kiwe ganda la nje tu. Mimi napenda vyungu vya udongo vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Havina rangi ya kung'aa, kwa hiyo ukuta wenyewe unapumua na kukausha maji pembeni. Vina kasoro mbili: chini ni mviringo, utahitaji kata kama ile ya kubebea ndoo kichwani ili kisimame, na havina tundu kwa sababu ni vya kupikia. Kiloweke usiku kucha, kigeuze juu ya gunia, kisha toboa taratibu kwa ncha ya msumari mnene ukizungusha kwa mkono, usigonge. Inachukua nusu saa. Ukikosa subira kitapasuka, nami nimevipasua viwili. Chagua kidogo, kinachozidi kitita cha mizizi vidole viwili tu. Chungu kikubwa ni udongo mwingi uliolowa usio na mnywaji.

Je, ua litapona? Una njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni upasuaji, na usingoje wikendi. Ng'oa mmea mzima, kung'uta udongo wote, utupe. Chini ya majani utaona shina nene kama kidole linalotambaa, rangi yake machungwa hafifu. Mizizi mizuri ni migumu. Iliyooza inavuliwa kama soksi, ngozi inatoka uzi unabaki. Chukua kisu chenye makali, kifute kwa spiriti, kata sehemu yote laini. Tazama pale ulipokata: kama kuna doa au duara la kahawia, futa kisu tena na ukate juu zaidi, mpaka nyama iwe safi yote. Watu husimama mapema kwa huruma, na uozo unaendelea. Ukipata kipande kisafi chenye majani matatu manne, kilaze juu ya gazeti mahali pakavu, juu ya friji panafaa kwa sababu pana joto kidogo, siku tano hadi saba, kidonda kifunge. Hapa ukavu wa Julai unakuwa rafiki yako. Kisha ukipande kwenye mchanganyiko mkavu kabisa na usimwagilie siku kumi nyingine. Nafasi ya kufanikiwa kwenye baridi hii ni ya kubahatisha, ila huna cha kupoteza.

Njia ya pili ni vipande vya majani. Jani lolote lililo gumu likate vipande vya sentimita tano au sita, vikauke siku chache, vichomeke kwenye mchanganyiko huo, upande wa chini wa jani ukiwa chini; ukigeuza juu chini hakioti. Kwenye joto mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja au miwili, huku kwa sasa tarajia mpaka Oktoba. Lakini lazima nikuambie mapema: watoto watakaozaliwa na jani watakuwa kijani kitupu. Ule ukingo wa njano ni tabaka la seli zisizo na klorofili lililofungamana na seli za kijani, kama khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Chipukizi linalotoka kwenye kipande cha jani huanzia kwenye kitambaa kimoja tu. Rangi mbili hubaki pale tu unapogawa shina lenye chipukizi lake.

Ya tatu ni kuliacha life na kununua jingine, ila si sasa. Subiri Septemba mwishoni, usiku ukianza kulegea. Kununua ua la joto Julai na kulisafirisha kwa basi la usiku kupita Makambako ni kulitesa bure.

Litakalosalia, liweke wapi? Video nyingi utakazotazama ni za Ulaya na Marekani, na husema dirisha la kusini. Kwao ni sawa. Sisi tuko chini ya Ikweta, na miezi hii jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lenye jua Mbeya mwezi wa saba ni lile linalotazama mlima Loleza. Weka hapo asubuhi. Jioni lisogeze hatua mbili ndani, mezani, siyo sakafuni kwenye saruji na siyo nyuma ya pazia. Ndiyo, ni kazi. Ukiona kero, liache rafu ya ndani moja kwa moja mpaka Septemba. Gizagiza kidogo litavumilia kuliko baridi.

Maji: Juni hadi Agosti mimi simwagilii kabisa, labda majani yaanze kujikunja, ndipo natoa kidogo, saa nne asubuhi, kwa maji yaliyolala ndani. Miezi mingine chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini ya chungu, kiache dakika tano, chomoa. Kikitoka na unyevu au kimeshikwa na udongo, rudi wiki ijayo. Kikitoka kikavu, mwagilia pembeni mpaka yatoke kwenye tundu, mwaga yaliyobaki sahanini. Usimimine katikati. Aina hii majani yake yanatengeneza kikombe, na maji yakilala humo usiku wa baridi, uozo unaanzia moyoni, na ukianzia moyoni hakuna upasuaji. Oktoba na Novemba, joto lilipo kali kwetu, huenda ikawa kila wiki mbili. Wasomaji wa Njombe na Makete, kwenu ongezeni miezi ya kutomwagilia iwe mitano, na sakitu ikitishia msithubutu kuliacha barazani hata usiku mmoja. Wa Tukuyu, shida yenu ni ukungu na mvua zisizokwisha: pamisi mafungu matatu, siyo mawili.

Mafuta ya nazi hapana. Yanaziba stomata na kukamata vumbi. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Mtoto: mmea huu una saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni na kuwasha mdomo na tumbo. Akitafuna kipande kwa kawaida atatokwa na mate mengi, atalia, pengine atatapika. Mtoe vipande mdomoni, mfute, mpe maji kidogo au mnyonyeshe, usimlazimishe kutapika. Akivimba midomo au ulimi, akishindwa kumeza, au akitapika mfululizo, mkimbize hospitali na ubebe jani waone. Ua liweke juu asipofika, pamoja na vile vipande vinavyokauka kwenye gazeti.

Ukikata mpaka juu na bado unaona kahawia, au ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye maungio ya majani, beba mmea ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa uende kwa mtu wa kitalu au afisa ugani wa kata aushike mkononi. Kuna mambo picha haionyeshi, harufu ikiwa mojawapo.

Ila kwanza kaichukue picha yako ya pili, ile uliyopiga kutoka juu. Ikuze upande wa kushoto, karibu na mdomo wa chungu. Pale naona ncha ndogo imechomoza udongoni, ya kijani, na kama macho yangu hayanidanganyi ina mstari wa njano pembeni. Kama ni chipukizi na ni gumu ukiligusa, lina shina lake na pengine mizizi yake. Lichimbue kwa kijiko kabla hujashika kisu.